Kulala Brugge: mwongozo wa kukaa ndani ya mji wa kale

Wageni wengi wanaokwenda Brugge, mji wa kale wa Ubelgiji, hawalali Brugge. Hushuka asubuhi kwa treni kutoka Brussels, au huletwa kwa mabasi kutoka Zeebrugge ambako meli kubwa za watalii hutia nanga, wakapiga picha, wakanunua chokoleti, na ikifika saa kumi na moja jioni wameshageuza. Mji unaobaki nyuma yao ndio ninaouandikia hapa. Naishi Gent, nusu saa hivi kwa treni, na kila mgeni anayenijia kutoka nyumbani huniomba nimpeleke. Miaka ya mwanzo niliwapeleka na kuwarudisha siku hiyohiyo, nikidhani nabana matumizi. Siku hizi nawalaza hukohuko, usiku mmoja kwa uchache, miwili kwa anayeweza. Mengi ya yaliyomo humu niliyajua kwa kukosea, na kosa kubwa kuliko yote lililipwa na magoti ya shangazi yangu.

1. Hakikisha ni Brugge ile unayoitaka

Fungua ramani. Utaona umbo la yai lililozungukwa na maji. Hata wenyeji huliita yai. Humo ndani, hekta 430 hivi, ndimo ulimo mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule ulioingia Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwenye ukingo wa yai ndipo ulipopita ukuta wa mji. Ukuta ulibomolewa, yakabaki malango manne: Kruispoort, Gentpoort, Smedenpoort na Ezelpoort.

Tatizo ni kwamba kiserikali jina Brugge limeenea mbali kuliko yai. Sint-Andries, Sint-Michiels, Assebroek, Sint-Kruis, hata Zeebrugge kule baharini, kote ni Brugge. Tangazo la chumba linaweza kuandika Brugge bila kusema uongo, nawe ukajikuta kando ya barabara kuu unasubiri basi. Usihangaike na maneno matamu ya tangazo. Tazama namba ya posta. 8000 ni mji wa kale, pamoja na sehemu chache za nje ya yai kama kijiji cha Koolkerke kilichoko kaskazini. 8200 na 8310 ni vitongoji. 8380 ni upande wa bandarini, na ukilala huko jioni yako itaishia barabarani.

Usitarajie pia kwamba mwaka ujao vyumba vitakuwa vingi zaidi. Tangu miaka ya 1990 halmashauri imebana ruhusa za hoteli mpya ndani ya yai ili wenyeji wasije wakasukumwa nje ya mji wao. Watu huongezeka, vitanda haviongezeki kwa kasi hiyo, na bei inajieleza yenyewe.

2. Chagua mtaa kwa masikio

Ndani ya yai hakuna mbali. Kutoka stesheni mpaka uwanja mkuu, Markt, ni dakika 20 kwa miguu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni utasikia nini ukiwa kitandani.

Markt na uwanja jirani wa Burg ndiko kila mtu anakotaka kulala. Chini ya dirisha lako kutakuwa na farasi wanaovuta mikokoteni ya watalii, meza za mikahawa, na juu ya kichwa chako mnara wa kengele, Belfort, wenye mita 83 na kengele 47. Kengele hizo hulia kila robo saa. Siku ya kwanza utazipenda. Siku ya pili utajua zimelia mara ngapi tangu uamke.

Kingo za mifereji, hasa Dijver na Rozenhoedkaai, ndizo zile za kwenye kadi za posta. Chumba kinachotazama maji ni kizuri kweli, ila mashua za watalii hupita na vipaza sauti mchana kutwa kuanzia Machi mpaka Novemba, na wakati wa joto ukifungua dirisha mbu wanaingia. Hawana malaria, lakini wanauma vilevile.

Mimi humpeleka mgeni Sint-Anna, upande wa mashariki. Ulikuwa mtaa wa maskini, wa wanawake waliosuka lesi milangoni, na nyumba zake ni fupi, zimebanana, nyingi zimepakwa chokaa. Ukitoka asubuhi unakuta mtu anafuta dirisha lake. Mwisho wa mtaa kuna tuta la ngome ya zamani lenye vinu vya upepo, na Markt ni dakika kumi na kidogo. Langerei, mfereji mrefu unaokwenda kaskazini, nao ni mtulivu. Mitaa iliyo karibu na stesheni na bwawa la Minnewater inamfaa mwenye mizigo au mwenye treni ya alfajiri.

3. Soma tangazo kwa magoti

Hapa ndipo shangazi anapoingia. Alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano, miaka sitini na minane, mzima wa afya, na mimi kwa kutaka sifa nikamtafutia chumba kwenye nyumba ya zamani hasa, yenye boriti nyeusi darini na dirisha la kuchungulia paa za vigae vyekundu. Picha zilikuwa kumi na nne. Hakuna hata moja iliyoonyesha ngazi.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, imejisokota kama konokono, na vidato vyake vyembamba kiasi kwamba kisigino kilibaki hewani. Pa kushikilia palikuwa na kamba nene iliyoning'inia kutoka juu. Shangazi akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "huku kwenu mpaka ukwee mnazi ndiyo ulale?" Akapanda. Asubuhi alishuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umebana kanga, huku mwenye nyumba akimsubiri chini na chai na uso wa mtu aliyekwishaona hayo mara nyingi.

Nyumba za humo ni nyembamba kwa sababu zilijengwa zikigombea nafasi kwenye mtaa, na nyingi zinalindwa kisheria, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi tu kutoboa na kuweka lifti. Kabla ya kulipa, mwandikie ujumbe umuulize: chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, na ngazi ni ya namna gani? Kumbuka huko ghorofa ya kwanza ni ile ya juu ya ile unayoingilia kutoka mtaani. Uliza pia kama bafu na choo vimo chumbani, na kama kitanda cha watu wawili ni kimoja au ni viwili vilivyosogezwa. Atakayejibu kwa ufasaha ndiye wa kulala kwake. Atakayekujibu kwamba nyumba ina mvuto wa kihistoria, jua ni kamba.

Kuhusu aina ya malazi: hoteli kubwa ndani ya yai ni chache na ghali. Nyumba za familia zenye vyumba viwili vitatu na kifungua kinywa ndizo bora kwa mgeni wa mara ya kwanza, na tafadhali usizifikirie kama gesti zetu za stendi. Mara nyingi ni sebule ya mtu, na picha za wajukuu wake ziko ukutani. Hosteli zipo kwa vijana. Nyumba nzima ya kukodi inafaa familia inayotaka kujipikia.

Wenye kupokea wageni ni watu wa zamani sana katika mji huu. Enzi za kati, mfanyabiashara kutoka Genova au Venice alipofika, mwenye nyumba aliyompokea alikuwa pia dalali wake: alimtunzia bidhaa, alimtafutia wanunuzi, alimdhamini. Familia moja ya wenye nyumba hao ilikuwa ya Van der Beurse, na uwanja wa mbele ya nyumba yao, huko Vlamingstraat, ukawa mahali pa kukutana wafanyabiashara. Ndiko linakotajwa kutoka neno beurs la Kiholanzi na bourse la Kifaransa, yaani soko la hisa. Ukipita, nyumba iitwayo Ter Beurze bado ipo.

4. Panga siku

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi ndio ghali, na nyumba nyingi hukulazimisha ulipie usiku miwili. Lala Jumatatu au Jumanne. Tofauti yake inatosha nauli ya treni na chakula cha jioni. Jumatano asubuhi kuna soko la vyakula palepale Markt, kwa hiyo Jumanne kuamkia Jumatano ni chaguo zuri.

Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana kuna Maandamano ya Damu Takatifu, mji hujaa pomoni. Desemba hujaa kwa ajili ya Krismasi. Januari ni kimya na bei hushuka, ila baadhi ya nyumba na mikahawa hufunga wenyewe wakapumzike, na baridi ya maji ya mifereji hupenya mpaka kwenye mifupa. Nachagua mwisho wa Aprili, au Septemba.

Angalia mwanga pia. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo anayesubiri Magharibi asiende mbali na chumba chake, na anayetaka kuona taa kwenye maji awe tayari kukesha. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa za huko ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja majira ya joto, na mbili majira ya baridi.

Bei ukishaiona, jua kuna kodi ya jiji kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, ambayo mara nyingi hulipwa pembeni, siku ya kuondoka.

5. Viza kabla ya malipo

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000. Utatakiwa kuonyesha utakapolala, na hapo ndipo watu huumia: wanalipia chumba kisichorudishwa pesa, viza inakataliwa. Weka nafasi inayoweza kufutwa bure, hata kama ni ghali kidogo. Ukishapata viza, ndipo utafute ya bei nafuu.

6. Kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Brussels mpaka Brugge ni saa moja na nusu hivi kwa treni. Kutoka katikati ya Brussels ni kama saa moja. Treni nyingi zinazokwenda Oostende, Blankenberge au Knokke husimama Brugge. Brussels vibao vimeandikwa kwa lugha mbili, Bruges na Brugge, lakini ukishaingia Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi, Kifaransa kinatoweka kwenye vibao. Usitafute Gand, utapita Gent ukiitazama.

Gari liache. Kuendesha ndani ya yai ni kuzungushwa kwenye njia za upande mmoja mpaka urudi ulikotoka, na maegesho ya ndani ni ghali. Ukilazimika kuja nalo, maegesho ya stesheni ni nafuu kuliko yale ya chini ya uwanja wa 't Zand.

Beba begi la mgongoni kama unaweza. Mitaa imetandazwa mawe, na sanduku la magurudumu hupiga kelele ambayo mtaa mzima utaisikia. La kwangu lilipoteza gurudumu kabla sijafika nusu ya Katelijnestraat. Mabasi ya De Lijn hutoka mbele ya stesheni kwenda katikati, lakini ukiwa na begi jepesi, tembea. Usifuate umati unaokwenda moja kwa moja kupitia 't Zand na mitaa ya maduka. Kata kulia, upite Minnewater, uvuke daraja uingie Begijnhof. Ni ua wa nyumba nyeupe na miti mirefu, ulioanzishwa mwaka 1245 kwa wanawake walioishi kidini bila kuwa watawa. Leo wanaishi humo masista Wabenediktini na wanawake wengine wanaoishi peke yao. Hapo sanduku linyanyue, usiliburute.

Nyumba ndogo hazina mapokezi ya usiku kucha. Mwambie mwenyeji saa utakayofika, na ukichelewa, mpigie. Vyumba vingi hufunguliwa saa tisa alasiri. Ukifika mapema, kuna makabati ya mizigo stesheni.

7. Jioni na alfajiri, ndizo ulizolipia

Ukifika mchana, usikimbilie kuzurura. Weka mizigo, oga, lala kidogo. Saa kumi na moja, wengine wakielekea stesheni, wewe ndio unatoka.

Anzia Burg. Ukumbi wa jiji ulianza kujengwa mwaka 1376, na sanamu za mbele yake zinakuwa rafiki zaidi jua likiwa chini. Pita kichochoro cha Blinde-Ezelstraat, maana yake mtaa wa punda kipofu, uvuke mfereji utokee soko la samaki lenye nguzo, kisha Groenerei. Hapo kaa. Maji hayatikisiki, madaraja mawili ya mawe yanajiona ndani yake, na jambo pekee linalosogea ni bata.

Asubuhi ni bora zaidi, ila inataka nidhamu. Saa kumi na mbili na nusu nilimwamsha shangazi tukaenda Rozenhoedkaai, pale mfereji unapokata kona na Belfort linachungulia juu ya paa. Mchana huwezi kupata pa kuweka kiwiko. Saa ile tulimkuta mwanamume mmoja akimwagia maji meza za mkahawa kwa mpira, na mvuke mwembamba ukitambaa juu ya mfereji kama wa sufuria iliyoanza kupata moto. Mti unaolalia maji ulikuwa unadondosha umande, tone, tone. Shangazi hakupiga picha. Aliuliza, "Hawa maji yao hayajai na kupwa?" Nikamwambia zamani maji ya bahari yalifika. Dhoruba ya mwaka 1134 ilifungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin, meli zikasogea karibu, mji ukatajirika. Baadaye Zwin ikajaa mchanga, wafanyabiashara wakahamia Antwerpen, na Brugge ikawa maskini kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na pesa ya kubomoa nyumba za zamani. Akatikisa kichwa. "Umaskini umewatunzia," akasema, tukarudi kunywa chai.

Usiamini kila jiwe, lakini. Karne ya 19 watu wa Brugge walitengeneza upya mbele za nyumba nyingi ziwe za kale kuliko zilivyokuwa, na kile kidaraja cha Bonifaciusbrug ambacho kila mtu anakipiga picha akidhani ni cha enzi za kati kilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Uzuri wake haupungui kwa hilo.

Kupanda Belfort ni vidato 366, tiketi ina saa yake, nunua mapema. Kama ngazi ya chumbani kwako imekutosha, nenda badala yake Onze-Lieve-Vrouwekerk ukamwone Bikira na Mtoto wa Michelangelo, sanamu ndogo ya marumaru nyeupe, kanisani bila ngazi hata moja ya kukwea.

8. Kula

Mikahawa ya Markt unalipia uwanja, chakula ni ziada. Tembea dakika tano kwenda Ezelstraat au Langestraat, bei itashuka na sahani itaongezeka.

Chipsi ndio chakula chao cha mtaani, na chini ya Belfort kuna vibanda viwili vya kijani. Ila asiyekula nyama, au anayekula ya halali tu, ajue: kwa desturi chipsi za Kibelgiji hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kama wanatumia mafuta ya mimea. Nyama ya mchuzi iitwayo stoofvlees hupikwa kwa bia, na chungu cha kome mara nyingi huwa na divai. Muislamu atakayetaka usalama ale samaki wa kuchoma, au atafute maduka ya kebabu yenye kibao cha halali. Kifungua kinywa huja na vipande vya nguruwe. Ukimweleza mwenyeji usiku, ataweka jibini na mayai. Kinachonivuta mimi ni kroketi za kamba wadogo wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini: ganda kavu, ndani uji wa moto wenye chumvi ya bahari. Subiri kidogo kabla ya kuuma, nimeunguza ulimi mara mbili.

Maji ya bomba ni salama, lakini mkahawani ukiomba maji utaletewa chupa na bili. Vyoo vya umma hulipiwa, beba sarafu. Maduka ya vyakula mengi hufunga saa mbili usiku, na Jumapili mengine hayafunguliwi, kwa hiyo maziwa ya mtoto nunua Jumamosi. Ukizidiwa na hamu ya sombe au ugali, Brugge haitakusaidia sana; panga kupita Matonge, Brussels, karibu na Porte de Namur, ambako Wakongo wameweka maduka yao na Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi utakisikia kwenye foleni.

Salamu ni "goeiedag", asante ni "dank u wel". Kiingereza kinaeleweka karibu kila mahali. Kifaransa wanakijua, ila ukianza nacho baadhi watakujibu kwa Kiingereza, wala si kwamba hawakukusikia.

9. Kuondoka

Vyumba vingi hutakiwa vitupu kufikia saa tano asubuhi. Lipa kodi ya jiji, omba risiti, peleka mizigo kwenye makabati ya stesheni, na kama siku ni njema kodi baiskeli uende Damme, kilomita saba hivi kando ya mfereji ulionyooka, chini ya miti ya mpopla iliyoinamishwa na upepo wa bahari. Upepo huo ukikusukuma kwenda, ujue kurudi utaupanda.

Shangazi hakutaka baiskeli. Aliketi kwenye benchi la Minnewater akiwahesabu mabata maji mpaka treni ikakaribia, na tulipofika Gent jambo la kwanza alilouliza ni kama nyumba yangu ina ngazi.